Kaburi Lililokohoa

Maarpa jirani yetu anadai kwamba asubuhi ile, alipokuwa akitoka ziwani na vipande vya barafu ya kunywa kwenye kigari chake cha kuteleza, kaburi la babu yangu lilikohoa. Halikukohoa kidogo kama mtu aliyepaliwa na mate. Anasema lilikohoa kikohozi kirefu cha mvuta tumbaku, likatema, kisha likaita jina la baba mkwe wake. "Spiridon!" Hivyo tu. Halafu ikachomoza kofia ya manyoya juu ya ardhi, ikatazama huku, ikatazama kule, ikazama tena.

"Kofia inatazamaje, Maarpa?" watu walimwuliza.

"Na kaburi linaitaje? Mbona hilo hamniulizi?"

Hilo hakuna aliyeliuliza, maana sisi Wasakha, watu wa kaskazini ya barafu, tunalijua tangu tunanyonya. Kaburi likichimbwa halilali wazi. Likilala wazi linashikwa na njaa, na chenye njaa hakinyamazi. Kwa hiyo kijiji kizima hakikushangaa kwamba kaburi la Nikiipir limeita mtu. Walichoshangaa ni kwamba lilikuwa limechelewa kiasi kile.

Babu yangu Nikiipir mwenyewe alikuwa hai, tena anakula vizuri.

Mambo yalianza kwa adabu. Vuli iliyopita Babu alikuwa na kifua kibaya, na tabibu wa wilaya alipomwekea sikio mgongoni alitikisa kichwa, akasema mzee huyu hataiona theluji. Babu alilipokea neno lile kama mtu aliyeambiwa siku ya safari. Jambo lililomsumbua halikuwa kufa, bali kufa wakati wa baridi. Kwetu kumchimbia mtu kaburi katikati ya majira hayo ni adhabu: unawasha moto mkubwa juu ya ardhi kutwa nzima, unachimba kina cha kiganja, mtaimbo unagota, unawasha moto tena. Vijana wanalia machozi yanayoganda shavuni, na matusi yote yanamwendea marehemu. Mtu anakufa na sifa njema tele, lakini wachimbaji wakimaliza kazi hana hata moja iliyobaki.

"Mimi sitaki kutukanwa na watoto niliowapa siagi," Babu alisema. Akawaita wapwa zake wawili kabla ardhi haijaganda, wakamchimbia taratibu, kando ya Bibi Ogdo, mkewe. Wakalifunika kwa fito na nyasi kavu theluji isiingie. Babu akaoga, akavaa shati safi, akalala kungoja.

Alingoja sana. Theluji ya kwanza ilipoanguka akataka supu. Ya pili ilipoanguka akauliza kama nyama ya farasi imekwisha. Ziwa lilipoganda kiasi cha kubeba ng'ombe, nilimkuta nje anapasua kuni, anaimba.

Hapo ndipo ikawa aibu. Watu walikuwa wameshamlilia kidogo, wengine walikuwa wameshamsamehe, na sasa yumo njiani anawasalimu. Na kule makaburini shimo liko wazi. Walisema lifukiwe, lakini rundo la udongo lilikuwa limeshakuwa jiwe moja. Basi Babu akakata gogo la msonobari la urefu wake, akalivisha koti lake kuukuu, akalishusha mle shimoni na kuliaga kwa heshima zote, ili kaburi lidhani limepata haki yake.

"Na likigundua?" Maarpa aliuliza siku ile.

"Ligundue kwa nini? Hata wewe umeliita gogo lile Nikiipir mara mbili tangu tumefika."

Ndivyo tulivyoishi na kaburi lile hadi asubuhi ya kikohozi. Na asubuhi ya kikohozi ndiyo ile ile ya rekodi.

Hatukujua kwamba ni ya rekodi. Tulijua ni baridi, maana moto wa jikoni ulikuwa ukilia kwa sauti nyembamba tangu jana yake, na moto ukilia hivyo baridi kali zaidi iko njiani. Magogo ya ukutani yalipasuka kwa mlio wa bunduki. Ukungu ulikaa juu ya kijiji hata paa la jirani halionekani. Nilipotoka kuwafunga ng'ombe vifuko vya manyoya kwenye viwele, nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikiganda na kuanguka, inachakacha kama mtu anamimina nafaka taratibu. Ikifika hapo huongei sana nje. Unafunga mdomo, unakwenda polepole, unarudi.

Lakini Vadim alikuwa anakimbia. Vadim ni kijana wa kituo cha hali ya hewa, aliletwa kutoka mji wa kusini kuja kutusomea vipimajoto, na kila anayeletwa kutoka kusini hukimbia mpaka siku anapokohoa damu. Aliingia kwetu kope zimeshikana, akasimama mbele ya jiko akingoja ziachane, huku anapiga kelele.

"Babu Nikiipir! Tumevunja rekodi! Haijapata kuwa hivi tangu kituo kijengwe. Tumepita sitini chini ya sifuri, tumepita mbali!"

"Kaa, mwanangu. Daarya, mpe chai. Sasa, tukishaivunja tunapewa nini?"

"Tutatajwa redioni. Nchi nzima itasikia."

"Wakishatutaja baridi inapungua?"

"Hapana, lakini..."

"Basi kunywa chai."

Nilimpa chai ya maziwa. Nilimtazama Babu akiweka kofia yake karibu na jiko ikauke. Kwenye manyoya ya kisogo palikuwa na nyasi kavu.

Zile nyasi nilikuwa nimezizoea. Tangu ziwa ligande, Babu alitoka kila asubuhi, akasema anakwenda kuwatazama farasi. Farasi walikuwa malishoni ng'ambo ya mto, na vijana wote wa ushirika walikuwa huko pamoja nao. Babu alirudi baada ya muda wa kuchemsha nyama ikaiva, na mashavu yake hayakuwa na alama yoyote ya baridi. Mtu akikaa nje muda huo, mashavu lazima yaseme. Mimi si mwepesi wa kuuliza. Nilingoja, nikaangalia nyayo zake, na siku moja nikazifuata.

Alikuwa ndani ya kaburi lake. Alikuwa ameketi juu ya gogo, nyasi amezivuta juu ya kichwa kama paa, anavuta kiko. Na alikuwa anaongea na Bibi.

Ukifikiri vizuri, mahali penyewe ni pazuri. Huku juu baridi inapanda na kushuka na kuandikwa vitabuni, lakini kule chini ardhi ina baridi yake ile ile ya siku zote, ya kadiri, ya ghala la samaki. Haijui rekodi. Ukitoka kwenye sitini ukaingia mle, ni kama umeingia jikoni kwa mtu. Na kando yako, nyuma ya ukuta wa udongo wa unene wa mkono mmoja, yuko mkeo. Nilimsikia akimweleza kwamba ng'ombe mweupe ana mimba, kwamba mimi nimejifunza kushona viatu vya manyoya lakini mshono wangu unakwenda upande, na kwamba Spiridon bado yupo, bado anapumua, bado mwongo. Nikarudi nyumbani kimya kimya. Mambo ya mtu na mkewe hayahitaji shahidi.

Kwa hiyo Maarpa alipoingia kwetu siku ile ya rekodi, mikono kichwani, kaburi limekohoa, limemwita baba mkwe, mimi nilimtazama Babu, na Babu akautazama moto.

"Umemwambia Spiridon?" aliuliza.

"Ningeachaje kumwambia? Ameitwa yeye!"

"Amesema nini?"

"Ameniomba shati safi."

Lazima niseme kuhusu Spiridon na Babu. Walizaliwa mwaka mmoja, wakafundishwa kupanda farasi na mjomba mmoja, wakampenda msichana mmoja. Huyo ndiye Ogdo. Baba yake Ogdo, alipochoka na wachumba wawili wasiokwisha mlangoni, aliwaambia waje siku fulani, atakayetangulia atakaribishwa kula. Siku ile ikaangukia kwenye baridi ambayo mpaka leo haina kipimo, maana vipimajoto havikuwapo huku. Spiridon alitangulia mbali, farasi wake alikuwa bora. Lakini njiani akapita kwa shangazi yake, akaona moshi unatoka juu ya paa, akasema ngoja niyeyushe kope kidogo. Shangazi akampa supu. Babu hakusimama popote. Alifika kwa akina Ogdo hana ncha ya sikio la kushoto, baridi imeimega kama biskuti. Akala, akaoa.

Tangu hapo Spiridon ana neno moja tu la kujitetea duniani: siku ile ilikuwa baridi kuliko siku zote tangu dunia iumbwe, na mwenye akili yoyote angesimama. Na tangu hapo Babu ana jibu moja tu: siku ile ilikuwa ya kawaida, hata masikio ya kofia, yale ya kufunika mashavu, hakuyashusha. Na kweli hakuyashusha, sikio ni shahidi. Walibishana hivyo harusini, walibishana hivyo kwenye mazishi ya Ogdo, mbele ya jeneza, mpaka kina mama wakawatoa nje.

Sasa Vadim anakuja kusema kwamba baridi kubwa kuliko zote ni hii ya sasa. Maarpa alituambia Spiridon alipopelekewa habari kitandani aligeuka ukutani. "Mwambieni huyo mtoto hajui kitu," alisema. "Kubwa ilikuwa ile ya Ogdo." Kisha akakataa uji.

Alikataa uji kesho yake pia. Akaanza kugawa vitu. Kofia ya ngozi ya mbweha akampa mpwa, mtego wa sungura akamwachia fundi wa viatu, na kisu chake, kile chenye mpini wa fundo la mti, akampa Vadim, ambaye alikilia machozi. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda. Alikuwa ameitwa tu, na yeye ni mtu anayeitika.

Basi Maarpa akaja kwetu kwa jambo rasmi. Nilijua ni rasmi kwa sababu alibisha hodi.

"Baba Nikiipir," alisema, amekaa ukingoni mwa benchi. "Nimetumwa. Baba mkwe anaomba kaburi."

"Kaburi gani?"

"Lako."

Babu aliweka kikombe chini. "Maarpa, hilo ni langu."

"Mbona hulitumii?"

"Nitalitumia!"

"Lini? Tangu vuli limekaa bure, na watu wenye shida wapo. Vijana wako ng'ambo na farasi, mafuta ya trekta yamekuwa gundi, nani amchimbie? Unataka mzee wa watu alale ghalani mpaka mwezi wa tano, kati ya samaki na maziwa yaliyoganda? Watoto wangu wanatumwa maziwa kila asubuhi, wawe wanamwambia samahani babu, tupishe?"

"Bado hajafa."

"Atakufa. Ameshasema."

"Mlaze kando ya mkewe."

"Mkewe kalala malisho ya kiangazi, mwendo wa kutwa. Kwa baridi hii nani atafika?" Akainua kidole. "Halafu, Baba, hilo kaburi limemwita nani? Limekuita wewe? Umelala mbele yake vuli nzima halikukutaka. Limemtaka yeye. Kitu kikishachagua mwenyewe, wewe unakishikilia wa nini?"

Babu alifungua mdomo. Nikadhani atasema. Akaufunga.

"Kando ya Ogdo," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Spiridon. Kando ya Ogdo. Milele."

Maarpa akatazama viatu vyake. "Hilo mimi simo," alisema. "Mimi nimetumwa tu." Akaenda zake.

Nilikwangua samaki aliyeganda, nikaweka vipande vyembamba mezani na chumvi. Babu hakula. Nilitupa kipande cha mafuta motoni kama inavyopasa, moto nao upate chake, nikakaa.

"Babu," nilisema, "mtu anakufa kwa kikohozi chako."

Akanigeukia. "Ulijua?"

"Nyasi kisogoni."

"Tangu lini?"

"Tangu ng'ombe mweupe."

Akashusha pumzi. "Sasa unataka nikaseme nini? Kwamba Nikiipir anakwenda kuongea na udongo? Watanicheka mpaka nitamani kulitumia kweli."

"Watacheka. Wewe umewacheka wangapi?"

"Na yeye je, mtu mzima, anakufa kwa kuwa ametajwa jina? Mimi naitwa kila siku kwenda kuchota barafu, mbona sijafa?"

"Wewe uliambiwa na tabibu utakufa ukavaa shati," nilimwambia. "Shati la Spiridon limezidi lako nini?"

Lakini kesho yake hakwenda kuwatazama farasi.

Ikafika siku ya redio. Adhuhuri, jua limechungulia kidogo kwenye ukungu kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba, kijiji chote kilijaa ofisi ya ushirika. Wale wale waliosema tutaifanyia nini rekodi, tuitie kwenye supu, walifika wa kwanza wakachukua viti. Vadim alisimama kando ya redio amevaa tai. Mwenyekiti alikuwa ameshaandaa maneno machache, na mtu alikuwa ameshaleta chupa.

Mtangazaji akasoma habari za viwanda. Akasoma za mavuno. Kisha akasema katika baridi kali ya wiki hii kaskazini mwa nchi, kituo kilichopata kipimo cha chini kuliko vyote ni kile cha ng'ambo ya mlima. Akataja jina la wenzetu wale, wafuga paa wa theluji, watu wanaooana na binamu zetu. Wametupita kwa sehemu ndogo ya digrii, isiyoweza kugandisha hata mate.

Kisha ofisi ikalipuka.

"Wezi!"

"Kipimajoto chao kimepinda, mimi nimekiona!"

"Wamekiweka kisimani!"

"Baridi yenyewe ilitoka huku! Ilipita kwetu kwanza!"

Fundi wa viatu, ambaye majira yote ya baridi husema laiti ningezaliwa mahali pa kuota ndizi, alikuwa anapiga meza kwa ngumi. Vadim aliketi juu ya kofia yake mwenyewe hakujua. Mwenyekiti akaifungua chupa, maana ilikuwa imeshaletwa.

Babu hakupiga kelele. Alivaa kofia yake, akashusha masikio ya kofia, akayafunga kidevuni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Twende," aliniambia. "Beba siagi."

Kwa Spiridon palikuwa na joto na harufu ya shati lililofuliwa. Alikuwa amelala chali, mikono kifuani imeshapangwa, kidevu kimeinuliwa vizuri. Maarpa alikuwa bado yuko ofisini akitukana watu wa ng'ambo. Babu akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha karibu na kitanda.

"Simulia," Spiridon alisema bila kufumbua macho. Ndivyo tunavyomkaribisha mgeni, hata ukiwa unakufa.

"Sina jipya. Simulia wewe."

"Na mimi sina. Simulia wewe."

Hapo ndipo mgeni huanza habari za nyasi na ng'ombe. Babu alikohoa. Alikohoa kikohozi kirefu, cha mvuta tumbaku, akageuka akatema jikoni. Spiridon akafumbua jicho moja.

"Umesikia?" Babu aliuliza.

"Nimesikia."

"Ndicho alichosikia Maarpa."

Jicho la pili likafumbuka. "Ulikuwa unafanya nini kaburini?"

"Navuta kiko."

"Nyumba huna?"

"Daarya hapendi moshi."

Mimi sijawahi kusema neno juu ya moshi. Nilitazama siagi.

"Na jina langu?" Spiridon akauliza. "Kikohozi sawa. Jina langu lilifuata nini?"

Babu alisugua magoti. "Nilikuwa namwambia Ogdo."

"Unamwambia nini?"

"Kwamba bado upo."

Moto ulikuwa unawaka taratibu. Spiridon akageuza kichwa mtoni.

"Akasema nini?"

"Spiridon, Ogdo amekufa."

"Najua amekufa, nilikuwapo, ulinitukana mbele ya jeneza. Nakuuliza akasema nini."

"Hakusema kitu." Babu akafikiri. "Lakini hakukasirika."

Spiridon akajiinua kwa kiwiko. Rangi ilikuwa inamrudi usoni, nayo haikuwa rangi ya furaha. "Yaani mimi nimelala hapa siku zote hizi na njaa yangu, nimemsamehe hata mwenyekiti, kumbe wewe umekaa shimoni unapuliza moshi? Nimegawa kisu changu!"

"Kidai."

"Cha maiti hakidaiwi!"

"Maiti yuko wapi?"

"Usinichanganye! Kijana alilia, nikamdai vipi?" Akajitupa tena kwenye mto. "Niache. Siamki. Nikitoka hapo nje nitawaambia nini watu? Kwamba nilikuwa nakufa, halafu nikaghairi? Wewe ulifanya hivyo vuli, wakakucheka mpaka leo. Mimi siwezi. Afadhali nife." Akapanga tena mikono kifuani, kidevu juu.

Niliona Babu anaangalia ile mikono. Mishipa ilikuwa imetokeza kama mizizi, na alikuwa kweli amekonda. Kufa kwa kuona aibu ni kufa kama kufa kwingine, kaburi halitenganishi. Babu alipeleka mkono kwenye sikio lake la kushoto, lile lisilo na ncha, akalishika kama mtu anayemshika mtoto kabla ya kuvuka.

"Wale wa ng'ambo wametushinda," alisema.

"Nimesikia kelele."

"Rekodi ni yao."

"Ya nani? Ile ya Ogdo ndiyo..."

"Ile ya Ogdo ndiyo kubwa," Babu alisema.

Spiridon hakusogea. "Sema tena."

"Siku ile ilikuwa baridi kuliko hii. Ilikuwa baridi kuliko zote. Wa ng'ambo na wa wapi, hakuna. Farasi wangu alikuwa analia. Nilipita kwa shangazi yako, nikaona moshi, nikaona farasi wako amefungwa nje. Kama mlango ungekuwa wazi ningeingia."

"Hukuingia kwa sababu mlango ulifungwa?"

"Na nilikuwa siwezi tena kushuka kwenye farasi. Miguu ilikuwa imekataa. Farasi ndiye aliyenifikisha, mimi nilikuwa mzigo tu."

Miaka yote hii. Mimi nimelelewa juu ya hadithi ile, nimelishwa nayo kama uji, na hiyo sehemu ya miguu sikuwahi kuisikia.

"Maarpa!" Spiridon akapaza sauti. "Maarpa, njoo usikie!"

"Hayupo. Na sirudii."

"Daarya, wewe umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Mwenye akili angesimama."

"Angesimama," Babu alikubali, meno yamebana.

Spiridon akakaa kitako. Akaketi hivyo muda, anapumua, kama mtu aliyetua mzigo na bado mabega hayajaamini. Kisha akauliza kama ile ni siagi. Nilimpashia uji, nikauwekea siagi, nikamwaga kijiko cha kwanza motoni. Aliumaliza. Alikula bakuli la pili. Kwa mbali tulisikia kijiji kinatoka ofisini, milango inagongwa, bado wanaapa kuwaandikia wa redio.

"Nikiipir."

"Mm."

"Mle ndani kuna joto kweli?"

"Lipo la kutosha."

"Na unamsikia vizuri? Maana yake, unajua yuko upande gani?"

"Mkono wa kulia. Ukuta ni mwembamba."

Spiridon akakwangua bakuli ingawa halikuwa na kitu. Moto jikoni ukaanza kulia tena, ile sauti yake nyembamba, kwamba kesho itakuwa kali zaidi.

"Na mimi nina mawili matatu ya kumwambia," alisema. "Si mengi. Nimhadithie ile siku, upande wangu, kwamba sikuwa nimelala, nilikuwa nayeyusha kope. Wewe usikae karibu. Utakaa juu, utaangalia Maarpa asipite." Akalamba kijiko. "Kiko kimoja tu, Nikiipir. Nitavuta nitoke. Nije kesho?"

Babu aliichukua kofia yake gotini. Akaipindua, akaanza kuyakagua manyoya ya kisogo, akatoa unyasi mmoja, akautazama kwenye mwanga wa jiko, akatoa mwingine. "Ukitoka, kagua kisogo," alisema.